O(1) ya jedwali la hashi ni ahadi yenye masharti, na masharti hayo hatuyafundishi

Kimya kingi kina mshindo. Nimekaa wiki kadhaa bila kuandika kitu hapa, na leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo. Mtanivumilia.

Hasira yenyewe imetoka kwenye mahojiano ya kazi. Ofisini kwetu tulikuwa tunatafuta mwanaprogramu mchanga, nami nikawekwa kwenye jopo. Waliingia vijana sita, wote wana digrii, wote wamevaa vizuri. Kila mmoja nilimwuliza swali lile lile: ukiwa na wateja 100,000 na unataka kumpata mmoja kwa nambari yake ya simu, utawahifadhi vipi? Wote sita walijibu bila kusita: jedwali la hashi, kwa sababu kutafuta humo ni O(1). Vizuri. Nikauliza la pili: na funguo mbili zikiangukia mahali pamoja je? Wawili walisema hilo haliwezekani. Watatu walinyamaza. Mmoja akasema, "Kaka, hayo lugha inashughulikia yenyewe."

Sikuwacheka. Miaka michache iliyopita nami ningejibu hivyo hivyo, na jibu hilo lilishaniaibisha kazini, nitawasimulia. Ugomvi wangu leo si na vijana hao. Ni na sisi tunaowafundisha, tunaowatungia mitihani na kuwarekodia video, tukawakaririsha "jedwali la hashi ni O(1)" kama vile watoto wa nasari wanavyokariri a, e, i, o, u. Nasema waziwazi: sentensi hiyo, ikiachwa hivyo bila nyongeza, ni uongo. Na ni uongo unaoangusha seva.

Kwa wasio wa fani hii, ngojeni nieleze. Fikiria ofisi ya sacco iliyo na kabati la faili lenye droo 26, moja kwa kila herufi. Mwanachama akifika, karani haanzi kupekua faili zote. Anauliza jina, anatazama herufi ya kwanza, anafungua droo moja. Jina ndilo ufunguo. Faili ndiyo thamani. Ile sheria ya "tazama herufi ya kwanza" ndiyo fomula ya hashi, yaani njia ya kugeuza ufunguo kuwa nambari ya droo bila kuuliza mtu.

Sasa wewe Mkenya niambie: droo hizo zitajaa sawasawa? Droo ya K itabeba kina Kamau, Kariuki, Kiprono, Kipkemboi na Kilonzo. Droo ya M itawabeba kina Mwangi, Muthoni, Mutua na Mwende. W ina kina Wanjiru, Wambui, Wafula na Wekesa. O ina kina Otieno, Onyango na Odhiambo mpaka haifungiki. Nenda kwenye droo ya Q au ya X: utakuta buibui. Karani akitafutiwa Kipkemboi atafungua droo moja, kweli, kisha atapekua faili mia nne kwa mkono. Kabati lipo, sheria ipo, lakini kasi haipo.

Kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili alivyosisitiza) hufanya kazi hiyo hiyo, ila fomula yake ni ya hesabu. Java, kwa mfano, huchukua neno herufi moja moja: inazidisha jumla iliyopo kwa 31, kisha inaongeza nambari ya herufi inayofuata. Neno "Aa" linakuwa 65 mara 31, ongeza 97, jumla 2112. Nambari hiyo ni kubwa kuliko idadi ya visanduku, kwa hiyo inagawanywa na kinachobaki ndicho nambari ya kisanduku. Jedwali likiwa na visanduku 16, 2112 inabakisha 0, basi "Aa" inaingia kisanduku cha 0. Ukiutafuta ufunguo huo kesho, hesabu ni ile ile, kisanduku ni kile kile. Hakuna kupekua. Hapo ndipo sifa ya O(1) inapotoka: iwe vitu 100 au 1,000,000, hesabu ya kutafuta kisanduku ni moja.

Mpaka hapo mwalimu yuko sawa. Tatizo ni kwamba somo huishia hapo.

Chukua neno "BB" ufanye hesabu ile ile. 66 mara 31, ongeza 66. Jumla? 2112. Maneno mawili tofauti, nambari moja, kisanduku kimoja. Huo ndio mgongano ambao vijana wawili waliniambia hauwezekani. Nao haungojei mpaka jedwali lijae. Wengi mnajua ule mchezo wa siku za kuzaliwa: weka watu 23 chumbani, na uwezekano wa wawili kuwa na siku moja unapita nusu, ingawa mwaka una siku 365. Ni hivyo hivyo kwa jedwali lenye visanduku 365. Funguo 23 tu, na tayari ni zaidi ya nusu kwa nusu kwamba mbili zimegongana.

Kwa hiyo mgongano si ajali ya nadra. Ni sehemu ya maisha ya jedwali kila siku, na waliolibuni walilijua hilo tangu mwanzo. Hans Peter Luhn wa IBM alipoandika wazo hili kwenye waraka wa ndani mwezi Januari 1953, mnyororo wa kuunganisha vitu vilivyoangukia kisanduku kimoja ulikuwa ndani ya wazo lenyewe. Sisi tumechukua kasi ya Luhn, mnyororo wake tumeuacha nje ya mtihani.

Zipo njia mbili kubwa za kushughulikia mgongano. Ya kwanza ni hiyo ya mnyororo: kila kisanduku kina orodha, na aliyegongana na mwenzake anaungwa nyuma yake. HashMap ya Java inafanya hivyo. Ya pili ni kusogea: ukikuta kisanduku kina mtu, unajaribu kingine kwa utaratibu maalumu mpaka upate kilicho wazi. Dict ya Python inafanya hivyo. Katika njia zote mbili jedwali halihifadhi thamani peke yake, linahifadhi na ufunguo wenyewe, kwa sababu kufika kwenye kisanduku hakutoshi. Ni lazima ulinganishe uhakikishe kwamba uliyemkuta ndiye uliyemtafuta. Na jedwali likianza kujaa, hupanuliwa. HashMap huanza na visanduku 16, na ukiingiza kitu cha 13, yaani ukipita robo tatu, inahamia kwenye visanduku 32 na kila kilichomo kinapangwa upya. Aliyeingiza kitu cha 13 amelipia uhamisho wa wenzake wote. O(1) yake iko wapi?

Jibu la haki ni kwamba O(1) ni wastani. Ni wastani wa shughuli nyingi, kwa sharti kwamba fomula inatawanya funguo zako vizuri, na kwa sharti kwamba hakuna mtu anayekuchagulia funguo kwa nia mbaya. Ondoa masharti hayo, na kwa vitu n vilivyoangukia kisanduku kimoja, kutafuta kimoja ni kupekua n. Umerudi kwa karani na droo yake ya K.

Sasa aibu yangu. Katika kazi yangu ya kwanza nilipewa programu ya kulinganisha risiti za maziwa za wakulima na malipo ya mwisho wa mwezi. Nambari ya risiti ilikuwa ndefu, na mwanzo wake ulikuwa kifupi cha chama na mwaka, kisha tarakimu za mfululizo. Nikaunda aina yangu mwenyewe ya ufunguo katika Java, nikaiandikia fomula yangu ya hashi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba fomula nzuri ni nyepesi, basi nikatumia herufi nane za mwanzo tu. Nikajaribu na risiti 300. Ikamaliza kabla sijashusha kikombe cha chai. Nikajipigia makofi.

Mwisho wa mwezi zikaja risiti 120,000. Mmeshaliona kosa, sivyo? Risiti zote za chama kimoja na mwaka mmoja zilianza na herufi nane zile zile. Zote 120,000 ziliingia kisanduku kimoja, huku maelfu ya vingine vikiwa vitupu. Tufanye hesabu. Kuingiza risiti ya kwanza hakulinganishwi na kitu. Ya pili inalinganishwa na moja. Ya 120,000 inalinganishwa na 119,999. Jumla ni kama ulinganishaji bilioni 7.2, na hapo bado hujatafuta hata risiti moja. Kwa zile 300 za majaribio, jumla ilikuwa chini ya 45,000. Risiti ziliongezeka mara 400, kazi ikaongezeka mara 160,000.

Wakulima walioahidiwa pesa asubuhi walizipata usiku. Mmoja alipiga simu ofisini akaniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba karo ya mtoto ilikuwa inangojwa shuleni siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeiangalia ile programu mara kumi bila kuona kosa, kwa sababu kichwani mwangu mlikuwa na sentensi moja: jedwali la hashi ni O(1), kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa hapo. Nililaumu mtandao, nikalaumu hifadhidata, nikalaumu mashine ya ofisi. Sehemu moja tu sikuichunguza, nayo ndiyo iliyokuwa mbovu. Ndiyo maana nasema hiyo sentensi ni mbaya. Haikukosesha maarifa tu, inakufumba macho.

Na sikuwa wa kwanza. Matoleo ya mwanzo kabisa ya Java, kabla ya 1.2 iliyotoka mwaka 1998, yalichungulia herufi chache tu za maneno marefu ili kuokoa muda. Anwani za tovuti, ambazo hufanana sana, zikawa zinarundikana pamoja. Wale ni wataalamu. Walikosea kosa la ukoo mmoja na langu, wakalirekebisha, na fomula ya 31 niliyoieleza hapo juu ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Kuna atakayesema: "Wewe ulikosea kuandika fomula yako mwenyewe. Mimi natumia ya lugha, niko salama." Basi tutoke kwenye maziwa, twende kwenye seva.

Rudi kwa "Aa" na "BB". Kwa sababu zina hashi moja, ukiziunganisha zinaendelea kugongana: "AaAa", "AaBB", "BBAa" na "BBBB" zote nne zina hashi moja. Jozi tatu zinakupa maneno 8. Jozi 16 zinakupa maneno 65,536 ya herufi 32 kila moja, yote yenye hashi moja, na hukuhitaji ujuzi wowote zaidi ya kuhesabu. Sasa, unapojaza fomu kwenye tovuti, seva huchukua majina ya sehemu za fomu na kuyaweka kwenye jedwali la hashi. Nani anachagua majina hayo? Anayetuma. Maneno 65,536 ni kama megabaiti 2 hivi, pungufu ya picha moja ya simu. Ukiyatuma kwa seva isiyo na kinga, unailazimisha kufanya ulinganishaji zaidi ya bilioni 2. Tuma mara kumi, na wateja wa kweli wanangoja nje.

Hii si ndoto yangu. Mwaka 2003 Scott Crosby na Dan Wallach wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliandika jambo hili wazi kabisa. Perl wakasikia, wakaingiza bahati nasibu kwenye fomula yao mwaka huo huo. Wengine wengi wakaendelea na shughuli zao. Miaka minane ikapita. Desemba 2011, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde wakasimama jukwaani na kuonyesha kwamba PHP, Java, Python, Ruby, ASP.NET na nyingine zilikuwa zinaangushika kwa njia hiyo hiyo. Microsoft walitoa kiraka cha dharura tarehe 29 Desemba, wiki ya sikukuu, wakati watu wako ushago. PHP wakaweka kikomo cha sehemu 1,000 za fomu katika toleo 5.3.9 la Januari 2012. Python wakafanya bahati nasibu kuwa desturi katika toleo 3.3 la mwaka huo huo. Mwaka 2012 Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein wakachapisha SipHash, fomula inayotumia ufunguo wa siri ili mtu wa nje asiweze kutabiri migongano. Python wakaichukua katika 3.4 mwaka 2014. Java 8, iliyotoka pia 2014, iliamua kwamba kisanduku kikizidiwa, mnyororo wake ugeuzwe mti, ili upekuzi uwe mfupi.

Ni kinga nzuri. Lakini ule mti wa Java unasaidia kweli pale funguo zinapoweza kupangwa, hii kabla ya ile. Maneno yanaweza. Ile aina yangu ya ufunguo ya risiti haikuwa na mpangilio wowote, kwa hiyo nilikuwa kwenye Java yenye kinga na bado nikazama. "Lugha inashughulikia yenyewe" ni kweli kwa anayejua inashughulikia nini na inaishia wapi.

Sasa nijibu pingamizi ninazozisikia kila mara.

Ya kwanza: "Kwa nini nihangaike kutwanga mahindi wakati unga uko dukani?" Sijasema utwange. Nunua unga! Mimi mwenyewe siandiki tena jedwali langu kazini, na ukiniletea la kwako nitakuomba ulitoe. Lakini hata mnunuzi wa unga hunusa pakiti. Sisi Wakenya tunajua habari ya sumukuvu, hakuna anayesema unga ni unga alimradi umefungwa.

Ya pili: "Kompyuta siku hizi zina kasi." Kazi inapokua kwa mraba, mashine yenye kasi mara kumi inakuwezesha kubeba data mara tatu hivi tu kwa muda ule ule. Utanunua mashine mpaka bosi achoke.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inatoka kwa walimu: "Wanafunzi wa mwaka wa pili hawawezi kuelewa hayo." Jamani! Mwanafunzi aliyejua kugawanya na kupata baki, jambo la shule ya msingi, anaweza. Mpe nambari za wanachama zilizotolewa kwa kuruka mia: 100, 200, 300 na kuendelea. Mpe visanduku 1,000. Mwache agawanye mwenyewe, agundue kwamba vinatumika visanduku 10 tu na 990 viko tupu. Kisha mpe visanduku 997, nambari tasa isiyogawanyika, aone zile zile zikitawanyika. Hilo ni somo la nusu saa kwa karatasi na kalamu, hata stima ikipotea.

Mimi nilifundishwa sura hii kwa slaidi nne, na kwenye mtihani nikaulizwa nieleze maana ya jedwali la hashi kwa alama mbili. Nikapata zote mbili. Alama hizo ndizo nilizokwenda nazo kwa wakulima.

Ninachotaka si kikubwa. Anayefundisha, amfanye kila mwanafunzi aunde jedwali moja kwa mkono, dogo, bovu, alione likirundikana. Anayetunga mtihani, afute "taja kasi yake" aandike "lini kasi hiyo hupotea?" Anayeandika programu, ajaribu kwa funguo za kweli na kwa wingi wa kweli, kwa sababu nambari za simu, risiti na vitambulisho vyetu hufanana mwanzo: nambari zetu za simu kwa mtindo wa kimataifa huanza 2547, au 2541 siku hizi. Na ukiandika fomula yako, tumia ufunguo wote.

Mnataka kujua kama kuna tuliyemwajiri? Tulimchukua mmoja wa wale watatu walionyamaza. Wakati wa kuondoka aligeuka mlangoni akaniuliza, "Kwani zikiangukia pamoja huwa inakuwaje?" Tulikaa naye nusu saa zaidi, kwa karatasi.

Haya, wakati wa kunirushia mawe umefika. Walimu muanze.